Nguvu Tano za Kija

Kisesa,
14 Januari 2024

Mwanangu Rebeka,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, isipokuwa nyonga inanisumbua na sikio la kushoto ni lile lile lililokufa zamani. Sasa na hili la kulia limeanza kuchoka. Ndiyo maana sipokei simu. Ukinipigia nasikia kama mtu anakoroga uji. Basi tuandikiane. Barua atazibeba Gladness, jirani yangu, anayeshuka Buzuruga kila siku kuuza mchicha. Utampata stendi, upande wa wauza ndizi.

Mvua imekuja vizuri na mpunga wa bondeni umeshapandwa. Baba yako alipita hapa mwaka mpya. Amekonda lakini bado anacheka kwa sauti, hata mimi nilimsikia.

Sasa neno lenyewe. Mwanangu Kija ameitwa kazi Musoma. Unajua pale kiwandani Mwanza anakata minofu ya sangara, na wenzake wanasema hakuna mkono mwepesi kama wake. Kiwanda kimoja cha Musoma kinataka akawe msimamizi wa wakataji wote, na nyumba atapewa. Mumewe Revocatus hataki. Kija naye hasemi ndiyo wala hapana. Nikimuuliza ananiambia anafikiri.

Nasikia wewe siku hizi ni kocha wa maisha, na watu wazima wanakuja kwako Pasiansi kukuuliza waishi vipi. Basi kaa na mdogo wako, umsaidie kuamua. Usimwambie nimekutuma. Kwa upande wangu naona mwanamke mwenye mume na mtoto hahami mji kwa sababu ya samaki, lakini nimenyamaza.

Shangazi yako,
Teodora Maige


Pasiansi,
25 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na nyonga. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimenizidi.

Shangazi, mimi siwaambii watu waishi vipi. Ninazo kadi arobaini, kila moja ina neno moja. Nazitandaza mezani. Mtu anachagua tano zinazotaja nguvu zake, yaani mambo mema yaliyomo ndani yake hata kama hajawahi kuyapa jina. Halafu anachagua tatu zinazotaja tunu zake, yale anayoyathamini kuliko mengine yote. Kisha tunautazama uamuzi ulio mbele yake na kuuliza: ni njia ipi itakayotumia nguvu hizi na kuzilinda tunu hizi? Jibu linatoka kwake mwenyewe. Nimeona watu wakibadilika, Shangazi. Kuna mama anaitwa Selina alikuja kwangu akijiona hana thamani yoyote, leo anaendesha kikundi cha wanawake thelathini.

Kija amekuja Jumamosi tatu. Nguvu zake tano ni bidii, upole, uaminifu, shukrani na, kubwa kuliko zote, uvumilivu. Tunu zake ni familia, imani na amani. Nilipomwuliza Musoma inakaa wapi kati ya hayo, alizitazama kadi zote nane moja moja. Akasema, "Basi inaonekana nibaki."

Sikumsukuma. Ameshawajibu watu wa Musoma. Nadhani utafurahi.

Mwanao,
Rebeka


Kisesa,
10 Aprili 2024

Mwanangu Rebeka,

Barua niliipata, na nilifurahi kama ulivyosema. Nyonga ni ile ile. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Kija alikuja Pasaka pamoja na mjukuu wangu Rose. Walifika Jumamosi, wakaondoka Jumatatu asubuhi na mapema. Nilimfungia mchele kilo tano na karanga. Hakula sana. Alikuwa amechoka, nadhani ni kazi ya kusimama kutwa kwenye barafu.

Nilimkumbusha yale uliyoniandikia, kwamba uvumilivu ndiyo nguvu yake kubwa. Akaenda kumvalisha Rose viatu.

Sina jingine.

Teodora Maige


Pasiansi,
27 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ndama anaendelea vizuri. Nilitaka kuja Jumapili iliyopita lakini nilikuwa na watu kutoka asubuhi hadi jioni. Nitakuja mwezi ujao bila kukosa.

Nina habari njema. Nilialikwa kuongoza semina ya wanandoa kanisani kwao Kija. Walikuja watu karibu mia mbili. Nilifundisha jinsi mume na mke wanavyoweza kutambuana nguvu na tunu badala ya kuhesabiana makosa. Kama mfano nilisimulia habari za mama mmoja aliyeitwa kazi nzuri mbali, akakaa na nafsi yake, akaona kwamba tunu yake ya kwanza ni familia. Sikutaja jina. Revocatus akasimama mwenyewe, akasema, "Huyo ni mke wangu." Akamshika Kija mkono, wakaenda mbele pamoja. Watu wote walisimama wakapiga makofi. Kija alilia. Wengi tulilia.

Sasa makanisa mengine mawili yameniita. Uniombee.

Rebeka


Kisesa,
8 Julai 2024

Rebeka,

Leo sina salamu.

Kija yuko hospitali tangu Jumanne. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, kwenye kifundo na juu yake. Daktari anasema mfupa utaunga lakini vidole vitatu huenda visifunge tena. Revocatus anasema aliteleza jikoni. Rose ana miaka sita na anasema vingine. Anasema baba aliuweka mkono wa mama kwenye mlango, akaufunga.

Nimekwenda Mwanza na nyonga yangu hii, nikakaa naye siku tatu. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyejua mambo haya. Akasema, "Dada Rebeka alikuwa anaandika kwenye daftari."

Ulijua?

Teodora


Pasiansi,
21 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikashindwa kujibu. Pole, pole sana. Nilikwenda hospitali siku ya Jumapili, Kija alikuwa amegeukia ukutani. Muuguzi aliniambia amelala, nami sikutaka kumwamsha. Niliacha matunda.

Umeniuliza kama nilijua. Shangazi, kila ndoa ina changamoto zake, na watu wanaokuja kwangu husema mengi wakiwa na uchungu. Kazi yangu ni kuwasaidia watazame mbele. Kija alitaja mambo fulani. Sikujua kwa kiwango hicho. Laiti angeniambia wazi, ningechukua hatua.

Tusianze kutafuta wa kumlaumu. Kija anahitaji kuzungukwa na upendo wakati huu. Yeye ana nguvu kubwa ndani yake na atasimama tena.

Nakuombea.

Rebeka


Kisesa,
1 Agosti 2024

Rebeka,

Nimesoma maneno yako "kwa kiwango hicho". Kiwango kipi ulikijua? Kofi? Mateke? Ulikuwa unangoja kifike wapi ndipo uite kiwango?

Na usiniandikie tena kuhusu nguvu za Kija. Juzi nilimwona akijaribu kufunga kitufe cha gauni la mwanawe. Alijaribu mara nne. Rose akasema, "Acha mama, nitafunga mwenyewe." Huyo ndiye aliyekuwa anamaliza sangara wa kilo kumi kabla mwenzake hajanoa kisu. Kiwandani wameshamwambia apumzike nyumbani, na sote tunajua maana yake.

Kija amekwenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Pale hospitali walimwandikia karatasi ya majeraha yake. Lakini Revocatus ameleta wazee wawili wa kanisa waliosema ndoa yao ni ya mfano, kwamba hata kwenye semina walisimamishwa mbele ya watu. Unaisikia hiyo? Semina yako ndiyo ushahidi wake. Afande anayeshughulikia jambo hili ameuliza kama kuna mahali popote Kija aliwahi kusema anapigwa kabla ya siku ile, pakaandikwa. Kija akamwambia lipo daftari.

Lipeleke.

Kutoka Pasiansi mpaka hapa si Ulaya, na miezi saba umeshindwa kuja. Sasa nakuambia usije. Peleka daftari, basi.

Teodora Maige


Pasiansi,
25 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Daftari siwezi kulipeleka. Yamo mambo ya watu kumi na tisa, si ya Kija peke yake. Nimewaahidi kwamba wanayosema mezani kwangu hayatoki. Nikilifungua mbele ya polisi leo, nani atakuja kukaa mbele yangu kesho? Usinifanye mtu mbaya kwa sababu nalinda kazi yangu.

Na kwa kuwa umeamua kuniandikia kama hakimu, nami nitakuuliza. Pasaka ilikuwaje, Shangazi?

Uliniandikia kwamba Kija hakula sana kwa sababu ya uchovu wa kazi. Juzi kwenye simu Kija aliniambia mengine. Alifika kwako jicho la kulia halifunguki na mdomo umepasuka. Alikuomba abaki Kisesa na mtoto mpaka shule zifunguliwe. Akasema ulimtazama, ukaenda kuchambua mchele. Jumatatu asubuhi ulimsindikiza barabarani mwenyewe, ukasimamisha gari mwenyewe, ukampandisha. Akasema ulimwambia, "Rudi kabla hajaja kukutafuta hapa akanitia aibu."

Mimi nilikuwa na daftari. Wewe ulikuwa na nyumba.

Rebeka


Kisesa,
13 Oktoba 2024

Rebeka,

Barua yako ya Agosti niliipata siku ile ile. Gladness ameniuliza kila wiki kama nina majibu, nikamwambia bado.

Ni kweli. Yote uliyoandika ni kweli, isipokuwa kwamba sikusema "akanitia aibu". Nilisema "akatutia aibu". Naona hakuna tofauti.

Unataka kujua kwa nini. Nitakuambia mara moja na usiniulize tena. Mnasema sikio langu la kushoto lilikufa kwa dawa ya malaria, kwa kuwa ndivyo nilivyowaambia wote, hata baba yako. Ilikuwa mwaka 1996. Kija alikuwa na miaka mitatu na alikuwa amekaa mlangoni. Mume wangu alinipiga kofi moja tu, la mkono uliofunguliwa. Jumatatu yake nilikwenda kufundisha kama kawaida, nikawa nawageuzia watoto upande wa kulia. Nilikaa naye miaka kumi na minane mingine mpaka nikamzika. Watu walisema Mwalimu Teodora ni mama mvumilivu. Nililipenda neno hilo. Lilikuwa kitu pekee nilichopata katika ndoa ile, na nilipomwona Kija na jicho lile nikadhani nampa kitu kizuri.

Uliponiandikia kwamba karatasi zako zimeona uvumilivu ndani yake, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa mtoto amefanana naye.

Basi, umeshinda. Sasa peleka daftari.

T. Maige


Pasiansi,
3 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sikushinda.

Nimelipeleka Ijumaa. Nilikwenda kwanza kwa Kija, pale anapokaa sasa kwa rafiki yake wa kiwandani, nikasimama mlangoni nikamwomba ruhusa. Alisema, "Ni mambo yangu, peleka." Hakunikaribisha ndani. Zile kurasa za watu wengine nilizikata, nikabakisha zake tano.

Kabla hazijasomwa mahakamani nataka uzisikie kwangu.

Jumamosi ya kwanza Kija alisema mumewe ana mkono mwepesi. Nikaandika. Ya pili akasema alimsukuma kwenye kabati mbele ya mtoto. Nikaandika. Ya tatu alikuja na sweta ilhali jua lilikuwa kali. Akaivua, akanionyesha alama za vidole juu ya kiwiko, vinne upande mmoja na kimoja upande wa pili. Nikaandika na tarehe, kisha nikamwambia, "Sasa turudi kwenye kadi."

Shangazi, kadi ya kwanza aliyochukua kwenye tunu ilikuwa usalama. Aliichukua bila kufikiri. Nikamwambia, "Kija, usalama ni hitaji, si tunu. Tunu ni kitu unachokisimamia." Ndivyo nilivyofundishwa kwenye kozi. Nikaichukua mkononi mwake, nikairudisha kwenye bahasha. Akachukua familia.

Na kwenye nguvu alichagua nne. Bidii, upole, uaminifu, shukrani. Akasema, "Ya tano siioni." Uvumilivu hakuuchagua yeye. Nilimsogezea mimi. Nilisema, "Hii je? Yote uliyonieleza, unayabeba vipi kama si kwa hii?" Akasema, "Kama unaona hivyo, dada."

Nilijua nilichokuwa nafanya? Nusu nilijua. Semina ile ya kanisani nilikuwa naitafuta mwaka mzima, na aliyenisemea kwenye baraza la wazee ni Revocatus. Alikuwa ameniambia, "Wewe mtulize tu Kija, shemeji yangu, na mambo yako nitayasukuma." Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa na wote wawili tulicheka.

Tangu nipeleke daftari hakuna anayekuja. Makanisa yale mawili yameahirisha. Selina, yule mama niliyekuandikia habari zake, amenitumia ujumbe akiuliza kama na ya kwake nimeyapeleka polisi. Nimemjibu hapana. Hajajibu.

Sikuandikii ili unihurumie.

Rebeka


Kisesa,
23 Februari 2025

Rebeka,

Nimeletewa salamu zako na baba yako. Anaendelea kukonda. Mtafutie daktari.

Hukumu ilitolewa Jumatano. Revocatus amefungwa miaka mitatu. Hakimu alisema wazi kwamba bila zile kurasa tano angebaki na neno la mke na la mtoto mdogo dhidi ya neno la mume. Nje ya mahakama watu wa kanisani walikuwa wengi, wamekuja kumpa pole mama yake Revocatus. Kija alipita katikati yao na hakuna aliyemsalimu, hata wale waliompigia makofi.

Alikaa kwangu siku mbili kufungasha. Jana amepanda basi la Musoma na Rose. Ile kazi ya usimamizi ilishapewa mtu zamani, lakini wamemchukua awe mpokea samaki mlangoni, anapima na kuandika. Mkono wa kulia haushiki kalamu, kwa hiyo anajifunza wa kushoto. Nilitaka kumsindikiza mpaka Musoma. Alisema hapana. Nikasema basi mpaka barabarani. Akasema, "Mama, barabarani ulishanisindikiza."

Asubuhi ya safari, baada ya chai, aliniambia nichukue karatasi nikuandikie maneno yake, kwa kuwa mwandiko wake bado haujasomeka. Nimeyaandika kama alivyoyatamka. Ni haya:

"Dada Rebeka, mama anaandika, mimi nasema. Niliposikia daftari linasomwa mahakamani nilishangaa. Kila jambo nililokuambia lilikuwamo, na tarehe, na hata rangi ya sweta. Mwaka mzima nilidhani labda nilisema kwa sauti ndogo, labda sikueleza vizuri, ndiyo maana hukuelewa. Kumbe ulinisikia vizuri sana. Asante kwa kulipeleka. Asante hiyo ni ya daftari.

"Watu wananiambia nina nguvu. Mama anasema, wewe ulisema, afande alisema, na hakimu naye alisema. Mimi naomba mtu asiniambie hivyo tena. Nilikuja kwako nikiogopa, nikaja Kisesa nikiogopa, na kote niliambiwa nina nguvu nikarudishwa. Kama mngeniona dhaifu, pengine mngenifungulia mlango.

"Mama alinipa mchele. Wewe ulinipa kadi tano kwenye kibahasha. Mchele tulikula. Zile kadi alizikuta Revocatus kabatini, na siku niliyoumia kwanza alinisomea ile ya uvumilivu.

"Sina ugomvi na ninyi. Ila msinifuate Musoma. Rose akikua, akitaka kuwajua, atawatafuta mwenyewe."

Hapo akaniambia nimsomee. Nikasoma. Nilipofika kwenye "siku niliyoumia" akanisimamisha.

"Mama, sikusema niliyoumia. Nilisema niliyoumizwa."

Sikio langu linanidanganya, nikamwambia. Alingoja. Nikatazama karatasi, na sijui kama lilikuwa sikio au ni mimi. Ile hapo juu nimeiacha ilivyo ili uione. Hii hapa ndiyo sahihi, kwa mwandiko wangu, mbele yake: siku niliyoumizwa.

Akasema, "Sasa soma tena, tangu mwanzo."

Nikasoma yote, kwa sauti, mpaka mwisho. Akachukua begi kwa mkono wa kushoto.

Teodora Maige